Koleo Anamsubiri Mgeni Rasmi

Ipo nchi inaitwa Subirini. Msiitafute kwenye ramani, wala msimwulize mtu njia, maana wenyeji wakisikia mnaiulizia watawaundia kamati ya mapokezi, na kamati ikishaundwa hamfiki tena. Ni nchi nzuri. Ina bendera, ina wimbo, ina mawaziri wa kutosha na wa akiba, na ina utaratibu mmoja ambao mataifa mengine yanaukosa: hakuna jambo linaloanza kabla mgeni rasmi hajafika.

Sisemi harusi na mahafali. Hayo hata kwenu yapo. Subirini kisima hakitekwi, daraja halikanyagwi, na mtu aliyefukiwa na ukuta hafukuliwi, mpaka mheshimiwa awasili, akae chini ya turubai, aimbiwe, asimame, aseme "itifaki imezingatiwa," ahutubie, kisha akate utepe. Soko kuu liliposhika moto, Kikosi cha Uokoaji kilifika mapema sana. Kikatandaza mipira, kikajipanga mstari, kikasimama mguu sawa kumsubiri Waziri wa Uokoaji, Faraja na Hafla, Mheshimiwa Dakta Makeke, aje kufungulia maji. Dakta Makeke aliwasili moto ukiwa umeshamaliza shughuli zake. Hakukasirika, ni mtu mstaarabu. Alizindua majivu, akakipongeza kikosi kwa nidhamu, akaenda kula chakula cha mchana.

Katika nchi hiyo aliishi mama mmoja, Chiku binti Malembeka, ambaye kazi yake ilikuwa kuwa roboti.

Ilitokea hivi. Televisheni ya Taifa ilipewa bure katuni ya watoto na nchi rafiki. Katuni yenyewe ilihusu roboti watatu wanaookoa watu. Lugha ya nchi rafiki hakuna aliyeijua pale kituoni, hata yule mkalimani aliyeajiriwa kwa sababu anaijua. Chiku, ambaye alikuwa msomaji wa matangazo ya vifo, akaambiwa aangalie picha na kutunga maneno yatakayoelekea. Akatunga. Yule roboti wa kusukuma vifusi akamwita Tinga na kumfanya mtu wa kununa. Yule wa kumwaga maji akamwita Bomba, anayeogopa mende na haogopi moto. Mkubwa wao, mwenye mkono mrefu wa kunyakua, akamwita Koleo, na Koleo akampa sauti yake mwenyewe, ileile aliyokuwa akimwitia binti yake Nyamizi arudi nyumbani kuoga. Katuni akaiita *Vyuma Vyema*.

Kila mara mtu alipopata shida, alipiga kelele, na Koleo akadakia, "Nani analia? Nakuja!" Kabla hujafumba mdomo, ameshafika. Basi hilo la kufika ndilo lililowaduwaza watoto wa Subirini. Walikuwa hawajapata kuona kitu kinaitwa halafu kinakuja. Walirukaruka kwenye mikeka, wakapiga mayowe pamoja na waliozama, na wazazi wao wakasimama mlangoni wakijifanya wanatafuta funguo, macho yote kwenye televisheni. Chiku akawa anasalimiwa hata na watu wenye magari. Nyamizi shuleni alitembea kifua mbele, mama yake ndiye Koleo, nani angemgusa.

Hapa lazima niwaambie habari ya shimo, maana bila shimo hamtaielewa nchi.

Mtaa wa Bondeni, anakokaa Chiku, kila masika hujaa maji. Dakta Makeke alikwenda kuweka jiwe la msingi la mtaro. Likachimbwa shimo refu, pana, la kupendeza kwenye picha. Waziri akashika chepeo, akapigwa picha, jiwe lenye jina lake likasimamishwa ukingoni, msafara ukaondoka. Mtaro haukuja. Shimo likabaki wazi katikati ya uwanja wanaochezea watoto, na kila siku Chiku alipotoka kazini macho yake yalitangulia kumtafuta Nyamizi kabla ya kutafuta mlango. Alikwenda kwa mjumbe wa mtaa, Bwana Chande, kuomba wakazi walifukie wenyewe.

"Tulifukie?" Chande alishtuka. "Mama Nyamizi, shimo lile limezinduliwa! Kulifukia ni sawa na kusema mheshimiwa hakuja."

"Watoto watatumbukia, bwana."

"Hawajatumbukia," alisema Chande. "Wakitumbukia tutakuwa na ajenda."

Chiku alirudi kwake, akamkataza Nyamizi asisogelee shimo, na Nyamizi akaitikia kama watoto wanavyoitikia.

Siku moja Dakta Makeke alikwenda kuzindua bembea ya shule. Baada ya hotuba akamwinamia mtoto mmoja wa darasa la kwanza, kamera zikawaka. Mtoto akamkazia macho.

"Wewe ndiye Koleo?"

"Hapana, mwanangu," akacheka waziri. "Mimi ni Waziri wa Uokoaji."

"Kwani wewe unaokoaga nani?"

Kamera zilikuwa bado zinawaka. Waziri akampa mtoto pipi. Kesho yake Chiku aliitwa wizarani.

Alimkuta Dakta Makeke kwenye kiti kikubwa kuliko haja, na pembeni yake Katibu Mkuu, Bwana Sanane. Huyu Sanane alikuwa mtu mwembamba, nadhifu, mwenye tai iliyonyooka, aliyesoma mpaka nje ya nchi, na ambaye kwa muda wote wa utumishi wake hajapata kumaliza sentensi mkubwa akiwa na lake la kusema. Mkubwa alipokohoa, Sanane alinyamaza. Alipopiga chafya, Sanane alipiga makofi.

"Mama," alianza waziri, "hawa mashine wako wana kibali?"

"Mheshimiwa, ni katuni."

"Ndiyo maana nimekuita mapema, kabla hawajakua. Nimeangalia vipindi vyote. Mtu anazama, huyo Koleo anakurupuka, anamtoa. Nani kamtuma? Nani kamfungulia shughuli? Yuko wapi mgeni rasmi? Kikundi cha ngoma kiko wapi? Mnawafundisha watoto wetu kwamba mtu anaokolewa kienyeji tu, kama kuku anavyovuka barabara! Chuma kinachookoa bila kuagizwa, mama yangu, leo kinamtoa mtu mtoni, kesho kitamtoa waziri ofisini."

Sanane alipiga makofi.

Uamuzi ulikuwa umeshapita. *Vyuma Vyema* itaendelea, kwa kuwa serikali inawapenda watoto, ila kwa marekebisho. Roboti wakifika kwenye tukio watasimama. Picha itagandishwa hapohapo, na hotuba ya waziri itasikika kwa ukamilifu wake. Baada ya hotuba ndipo Koleo aruhusiwe kunyoosha mkono. Na kwa kuwa wakati wa hotuba yule anayezama huwa anapiga kelele zisizo za kistaarabu, Koleo atamwambia kwanza, kwa upole: "Tulia, mgeni rasmi yuko njiani."

Chiku aliinua mkono. "Mheshimiwa, mtoto akizama kweli, akatulia..."

"Mama Chiku," alidakia Sanane, akiwa ameona waziri amekunja uso, "haya ni maneno tu. Maneno hayajawahi kumzamisha mtu. Usipoyasema wewe atayasema mwingine, na huyo mwingine hatakuwa na sauti tamu kama yako."

Kisha wakamtunuku cheo cha Balozi wa Uokoaji Tulivu, pamoja na ukanda wa kuvaa begani. Ningependa kuwaambia kwamba Chiku aliutupa ukanda ule. Hakuutupa. Aliogopa kurudishwa kwenye matangazo ya vifo, na tena, tusifichane, ukanda ulimpendeza. Alijiambia kwamba watoto wana akili, wataona ni mchezo. Akaingia studio, akasema, "Tulia, mgeni rasmi yuko njiani," na fundi mitambo akamwambia amesema vizuri mno, arudie kwa huruma zaidi.

Mkaona maajabu. Nyumba inaungua kwenye televisheni, Koleo ameganda mlangoni mguu mmoja juu, bibi kizee amening'inia dirishani mdomo wazi, na sauti ya Dakta Makeke inaeleza historia ya uokoaji tangu enzi za wakoloni. Watoto walipiga miayo wiki za mwanzo. Baadaye wakazoea. Baadaye zaidi, na hapa ndipo wizara ilipojipongeza kwa barua kubwa yenye muhuri, wakaanza kupenda. Walijua hotuba kwa moyo. Walicheza mgeni rasmi uwanjani, wakagombania nani awe mheshimiwa, na hakuna aliyetaka tena kuwa Koleo.

Masika yakaingia.

Alasiri moja mvua ilikuwa imekatika, Chiku akashuka Bondeni akitoka studio, ukanda wake kwenye mkoba. Kwa mbali akaona viti vya plastiki vimepangwa uwanjani safu mbili. Watoto wamesimama mstari wakiimba wimbo wa kukaribisha wageni. Mmoja ameshika kikombe kama kipaza sauti, wawili wamevuta kipande cha kanga kama utepe. Katika kiti cha mbele alikaa mjumbe Chande, amevaa koti. Chiku alitabasamu. Aliona fahari kidogo, kazi yake ile.

"Mnacheza nini, wanangu?"

"Hatuchezi," alijibu mwenye kikombe. "Tunamsubiri mgeni rasmi."

"Wa nini?"

"Wa kumtoa Nyamizi."

Chiku hakumbuki mkoba aliutupa wapi. Alipitia katikati ya viti, akapiga teke utepe, akaanguka kifudifudi kwenye ukingo wa shimo. Maji ya mvua, meusi, yalikuwa yamefika juu ya kiuno cha mtu mzima. Katikati yake palikuwa na uso mdogo umeinuliwa juu, kidevu majini, midomo imebana, macho yanamtazama. Mtoto hakuwa akilia. Alikuwa ametulia.

"Nimeshapiga simu wizarani," Chande alisema nyuma yake. "Wamesema wanajipanga."

Chiku alifungua kanga kiunoni, akaizungusha mkononi, akaiteremsha. "Shika, mwanangu! Shika na mikono yote!" Nyamizi alishika. Akavutwa, akateleza, akavutwa tena, mpaka akatokea na matope yake yote, akatetemeka kifuani pa mama yake.

"Mbona hukupiga kelele? Nyumba zote hizi, Nyamizi, mbona hukupiga kelele?"

"Koleo alisema nitulie," alisema mtoto, meno yakigongana. "Na Koleo si ni wewe?"

Chiku alimkumbatia kwa nguvu, naye alijichukia vibaya mno. Alitaka kuing'oa sauti yake kooni na kuitupa mle shimoni.

Mama na mwana hawakuwahi hata kuondoka. King'ora kikalia, msafara ukateremka: gari la waziri, gari la turubai, gari la ngoma, gari la televisheni, na nyuma kabisa Kikosi cha Uokoaji, mguu sawa. Turubai likasimikwa kwa kamba nne. Dakta Makeke akashuka akipunga mkono, akavishwa shada la maua shingoni.

"Yuko wapi mhanga?"

Chande akajikuna. "Mheshimiwa... ametoka."

"Ametoka? Kwa idhini ya nani? Mimi nimeacha kikao!"

Wakamtazama Chiku. Waziri akageuka kijivu, kamera ikiwa imeshawashwa. Hapo Sanane, ambaye kazi yake ni kutafuta njia, akasogea na kunong'ona. Uso wa waziri ukanawiri.

"Mama," Sanane alimgeukia Chiku kwa adabu zote, "tunaomba mtoto arudi kidogo."

"Arudi wapi?"

"Humu. Dakika tano tu. Mheshimiwa afungue, halafu atolewe kwa utaratibu."

Mnadhani majirani walimvamia Sanane? Mnawaonea. Wale ni raia wa Subirini. "Mama Nyamizi, usiwe mkaidi," alisema mmoja. "Mheshimiwa katoka mbali," alisema mwingine. "Mtoto mwenyewe keshalowa, atapungukiwa nini?" Na aliyesema hilo la mwisho alikuwa mama mwenye watoto.

Chiku alisimama na Nyamizi mgongoni. "Tumbukiza wako," alimwambia Sanane. Kisha akamwambia mtu wa televisheni, kwa sauti ileile ya Koleo iliyowalaza watoto wa nchi nzima, "Na wewe kamwambie mkurugenzi wako, kuanzia leo roboti amekufa."

Waziri alitazama saa. Alitazama kamera. Alimtazama Katibu Mkuu wake, akamtazama, akaendelea kumtazama. Sanane akaelewa. Alivua koti, akalikunja, akalilaza juu ya kiti. Alivua miwani, akaiweka juu ya koti. Tai aliiacha, kwa kuwa ilikuwa shughuli rasmi. Akaingia shimoni taratibu, akaomba radhi kwa maji aliyowarukishia wageni.

"Itifaki imezingatiwa," alianza Dakta Makeke.

Hotuba ilikuwa nzuri. Ilianzia enzi za wakoloni, ambao waliokoana wao kwa wao. Ikawashukuru viongozi kwa majina na vyeo, waliopo na waliotuma udhuru. Ilipofika kwa mke wa Mkuu wa Nchi, mvua ikaanza kunyesha tena, na maji ya Bondeni nzima yakakumbuka njia ya shimo. Watu chini ya turubai walipiga makofi, na kutoka shimoni nayo yakasikika makofi, mikono miwili ya Sanane ikiwa juu ya kichwa. Maji yakafika kifuani, tai ikaelea. Yakafika shingoni. "Serikali yenu sikivu," akasema waziri, na mikono ikapiga makofi. Yakafika puani. Sanane alijinyoosha kwa vidole vya miguu, akameza funda, akakohoa kidogo sana, kwa heshima.

"Mheshimiwa..." Chande alithubutu.

"Sijamaliza!"

Kichwa kikazama. Mikono ikabaki juu, ikapiga makofi mara moja zaidi, kwa udhaifu, halafu ikawa haipigi.

"Anakufa!" Nyamizi alipiga ukelele mgongoni kwa mama yake, mpaka mpiga tarumbeta wa kikundi cha ngoma akaangusha chombo chake. "Anakufa jamani! Mtoeni! Mtoeni!"

"Shh!" walimkemea watu wazima. "Mheshimiwa anaongea!"

Lakini mwenye kikombe naye akapiga kelele, na wenye utepe wakapiga kelele, na mstari wote wa wimbo ukavunjika. Chiku alimtua Nyamizi, akakimbilia kamba ya turubai, akaifungua. Watoto wakafungua ya pili. Turubai likalala polepole juu ya safu ya wageni, na juu ya Dakta Makeke, na juu ya kipaza sauti. Kamba zikaunganishwa, fundo likatupwa, mkono mmoja wa Sanane ukalishika. Wakavuta, Chiku mbele, watoto nyuma wakipiga mayowe mtaa mzima ukasikia. Kikosi cha Uokoaji kiliwatazama kwa masikitiko, maana walikuwa wanavuta kabla ya utepe.

Bwana Sanane alitokea akiwa amelala kifudifudi. Akatapika maji, akatapika tena, akavuta pumzi kwa sauti ya mlango mbovu. Alikuwa hai.

Chini ya turubai hotuba haikukatika. "...kwa hayo machache," ilisikika sauti ya Dakta Makeke, imezibwa na turubai na maji, "natamka rasmi kwamba uokoaji huu umefunguliwa!"

Yakapigwa makofi kila mahali turubai lilipokuwa limevimba. Sanane, angali kwenye matope, akajikusanya akapiga magoti, akanyoosha tai, naye akapiga makofi.

Nyamizi alimsogelea akachuchumaa mbele yake. Alimtazama kwa huruma ya mtu anayejua maji yale yana ladha gani.

"Baba, mbona wewe hukupiga kelele?"

"Mwanangu," alisema Katibu Mkuu, akihema, "mheshimiwa alikuwa bado anazungumza."

Mtoto alimgeukia mama yake, ambaye alikuwa anakunja kanga iliyolowa ili waende nyumbani.

"Mama, kumbe na huyu anaangaliaga *Vyuma Vyema*?"

"Hapana, mwanangu," alisema Chiku, akamshika mkono. "Huyu hakuhitaji katuni."